TOZO YA ZIMAMOTO: NI DHULMA AU NI AMANA?

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu zangu katika imani, juzi baada ya darsa la Maghrib palizuka mabishano msikitini kwetu hapa Mwanza, nikaahidi kuyajibu kwa maandishi ili na walio mbali wafaidike.

Mzee wetu mmoja, muuza vipuri mjini, alikuja na karatasi ya tozo ya ukaguzi wa zimamoto. Akasema: "Sheikh, leseni nalipa, kodi ya mapato nalipa, ushuru wa taka nalipa. Nikinunua umeme wa LUKU nakatwa na kodi ya jengo humohumo. Sasa na zimamoto nao wanataka chao kila mwaka, na duka langu halijawahi kuungua hata siku moja. Hii siyo ile maks aliyoikemea Mtume (S.A.W.)?"

Kabla sijajibu, kijana mmoja mvuvi kutoka visiwa vya Ukerewe akasema: "Shikamoo mzee wangu. Wewe unalalamika kuletewa karatasi. Sisi kisiwani hatuletewi karatasi wala gari. Kambi ikishika moto tunazima kwa ndoo na mchanga, tukishindwa tunazika."

Msikiti ukanyamaza. Wote wawili walikuwa wamesema kweli, na ndiyo maana jambo hili linahitaji elimu, si kelele.

TUANZE NA SWALI LA MZEE

Maks ni ushuru wa dhulma. Ni mali anayochukuliwa mtu bila haki, isiyorudi kwa umma, inayoishia mifukoni mwa wenye nguvu. Hadithi zilizopokewa juu ya jambo hilo ni kali, na hakuna mwanachuoni anayelifanyia mzaha. Lakini wanachuoni hawakusema kila anachotoza mtawala ni maks. Imam Ghazali na Imam Shatibi (Allah awarehemu) wameandika kwamba hazina ikiwa haitoshi na umma una haja ya lazima, mtawala muadilifu anaweza kuwawekea wenye uwezo mchango wa kukidhi haja hiyo.

Masharti yapo, na ni mazito. Mwaka 1260, Watatari walipokuwa wanaikaribia Misri, Sultan Qutuz alitaka kuwatoza raia fedha za jeshi. Sheikh Izzuddin bin Abdissalam hakukataa moja kwa moja, wala hakubariki kwa woga. Alimwekea sharti: hazina iwe imekwisha, na makamanda wauze kwanza mikanda yao ya dhahabu na mapambo yao, wawe sawa na watu wa kawaida. Baada ya hapo ndipo raia waombwe.

Shika mizani hiyo, ndugu yangu. Haja iwe ya kweli, mzigo ugawanywe kwa haki, na mkubwa ajinyime kabla hajamnyima mdogo.

JE, HAJA NI YA KWELI?

Sisi watu wa Ziwa hatuhitaji kuambiwa. Nenda makaburi ya Igoma, wamelala pale ndugu zetu wa MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Tarehe 20 Septemba 2018 ikazama MV Nyerere karibu na gati la Bwisya, Ukara, mahali ambapo mtu wa nchi kavu anaona kwa macho. Walikufa watu 228. Waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Giza lilipoingia uokoaji ulisimamishwa, na bado siku mbili baadaye fundi mmoja wa kivuko alitolewa akiwa hai. Kila nikikumbuka habari hiyo najiuliza kuhusu wengine.

Kisha tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ikaanguka ziwani Bukoba. Walikuwemo watu 43, wakafa 19. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, alifika na kasia mkononi akasaidia kufungua mlango wa ndege. Serikali ikaagiza aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ni heshima anayostahili. Lakini tujiulize: mpaka lini kinga yetu ya kwanza itakuwa kijana mwenye kasia?

Suratul Maida, aya ya 32, imetufundisha uzito wa kuokoa nafsi moja. Wanachuoni wakaliweka jambo la kumwokoa anayezama na anayeungua katika fardhi kifaya. Wakitokea wa kulitekeleza, wengine wamesalimika. Wasipotokea, wenye uwezo wote wana dhambi. Dhambi hiyo haimhusu Waziri peke yake. Inamhusu mwenye duka, mwenye boti, mwenye nyumba za kupangisha, na imamu pia.

Mzee wangu wa vipuri, wewe huwezi kuruka na pampu mgongoni ukiwa na miaka sitini na tano. Shilingi yako ikilipwa kwa nia safi na kutumika kwa haki, inakwenda badala yako. Duka lako halijaungua, alhamdulillah. Lakini tozo hii si malipo ya moto wako, ni mchango wako katika fardhi. Nayo ile hadithi ya safina mnaijua: waliokaa chini wakiachwa watoboe sehemu yao, wanazama wote. Pale Makoroboi na Mlango Mmoja, moto wa jirani hauulizi nani kalipa.

NAJISEMA MWENYEWE

Sitaki mdhani nawahubiria nyinyi tu. Miaka kadhaa iliyopita mkaguzi alikuja kwenye bweni la madrasa yetu. Akakuta mlango mmoja, madirisha yamezibwa kwa nondo tukihofia wezi, na magodoro ya watoto yamegusana. Akaniandikia mambo ya kurekebisha na kiasi cha kulipa. Nikamwambia: "Hapa ni nyumba ya Qur'an, nendeni mkatoze baa." Waliokuwepo wakacheka, nami nikajiona shujaa.

Septemba 2020 ikaja habari kutoka Kyerwa, Kagera. Moto wa usiku ulishika bweni la shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, watoto kumi wakafariki. Simsemi mtu wa kule, Allah awape subira wazazi wao. Najisema mimi. Usiku ule nilikwenda kusimama mlangoni pa bweni letu. Nikahesabu watoto, nikahesabu milango. Mlango ulikuwa uleule mmoja.

Asubuhi tuliita fundi. Alikata nondo, akazifanya zifunguke kwa ndani, akatoboa mlango wa pili. Tulinunua mitungi miwili ya kuzimia moto kwa fedha tulizokuwa tumekusanya za kupaka rangi msikiti. Rangi mpaka leo haijapakwa yote, na sijawahi kujuta. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa habari ya nyumba ya Madina iliyowaunguza wenyewe usiku, aliwafundisha watu kuzima moto kabla ya kulala. Hakuwaambia watosheke na kusema ni qadar. Mimi niliitwa kwenye sunna hiyo na mkaguzi mwenye kalamu, nikamfukuza kwa kiburi.

SASA NA SWALI LA KIJANA

Hapa nawageukia mnaokusanya. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 ililitoa jeshi hili mikononi mwa halmashauri ikaliweka chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Basi ni jeshi la nchi nzima, si la mjini. Tozo inakusanywa kwa urahisi kwenye maduka ya mjini, lakini moto uko pia kwenye kambi za dagaa, ambako madumu ya petroli ya injini za boti yanakaa nyumba moja na nyavu na jiko la mkaa. Gari lililoegeshwa Mwanza mjini halivuki maji kwenda Ukara. Hata hapahapa mjini, panda vilima vya Mabatini na Igogo uone kama gari linapita kati ya yale mawe na nyumba.

Mnajua maneno ya mtaani: "Zimamoto wanakuja moto umekwisha, tena hawana maji." Msiwakasirikie wanaosema. Mtu aliyelipa akiona gari limekuja limechelewa na tenki tupu, ni vigumu kumshawishi kwamba hii si maks. Suratun Nisaa, aya ya 58, inaamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe, na mwenyewe wa fedha hii ni yule aliye ndani ya moto. Anayekwepa kuilipa na uwezo anao amemnyima mtu huyo, na anayeila amemnyima vilevile. Mkaguzi anayepokea bahasha ndogo ili asiandike tozo kubwa, na mwenye duka anayempa, wote wameuza mlango wa bweni.

TUFANYE NINI?

1. Mwenye uwezo alipe, adai risiti, na adai ukaguzi wenyewe. Ukilipa bila kukaguliwa, umenunua karatasi.

2. Tuulize kwa njia halali. Mwite diwani wako, mwulize mbunge wako: ndoo, pampu na boti za uokoaji za visiwani ziko wapi? Mwaka 2021 wananchi walilalamikia tozo za miamala ya simu, na zikapunguzwa. Kusema kwa adabu kunafaa.

3. Mnyonge asibebeshwe. Mama wa mgahawa mdogo asitozwe kama mwenye ghorofa. Hili nalo tuliseme wazi.

4. Tusisubiri. Kila msikiti na madrasa: milango miwili, nondo zinazofunguka, mchanga na maji karibu. Kambini, petroli ilale mbali na watu.

5. Namba ni 114. Wafundishe watoto, na wakataze kupiga kwa mzaha. Anayeichezea namba hiyo anaweza kuwa anamzuilia njia mtu anayeungua.

Yule mzee aliniuliza jana baada ya Alfajiri: "Kwa hiyo nilipe, Sheikh?" Nikamwambia: "Lipa, mzee wangu, halafu Jumatatu twende wote ofisini kwao tukawaulize ya Ukerewe." Kijana naye amesema atakuja. Anayeweza, aungane nasi.

Ewe Allah, warehemu waliokufa katika moto na katika maji, uwajaalie daraja ya mashahidi. Wape wazazi wao subira, wape viongozi wetu hofu yako, na utuondolee sisi ubakhili na kiburi. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.