Msitu wa Walikale haujipandi

Gorila wa Grauer hula matunda katika misitu ya Walikale, mashariki mwa Kongo, kisha hutawanya mbegu kwa kinyesi chake. Akiwindwa kulisha wachimba madini, miti hupoteza mpanzi. Tangu 2016 anahesabiwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Jirani yake, Masisi, imetangulia kulipa gharama ya kupoteza msitu: msitu wake mwingi ulifyekwa kupata malisho ya ng'ombe, na sasa mvua kubwa huporomosha udongo wa vilima hadi mitoni, pengine juu ya nyumba. Jibini ya ng'ombe hao ni tamu, hatukatai. Lakini kwa ukataji wa miti, kumlaumu mchoma makaa peke yake ni uonevu. Vita vimemng'oa shambani. Wanunuzi wa kasiterite, madini ya bati ya Walikale, pamoja na serikali inayoitoza kodi, wagharamie walinzi wa msitu na nyama ya mifugo migodini.