Je, Kamera Mpya Ipimwe Kabla ya Kutumiwa?

Shule inunuapo mizani mpya ya maabara, mwalimu wa fizikia huhakikisha kwanza kwamba mshale wake unasimama kwenye sifuri. Hakuna amlaumuye kwa kufanya hivyo. Lakini kamera ya dijitali ifikapo katika shule hiyo hiyo, aghalabu hutolewa sandukuni na kuanza kazi siku ile ile. Wako wasemao kwamba kuipima ni kupoteza wakati, kwa kuwa imekwisha kupimwa kiwandani, na kwamba atafutaye kasoro hakosi kuiona. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, walakini haitoshi.

Yafaa ieleweke jinsi kamera hiyo ifanyavyo kazi. Nyuma ya lenzi yake hamna filamu, bali mna kibao kidogo cha silikoni chenye mamilioni ya vijisehemu vipokeavyo mwanga. Kila kijisehemu hutoa nukta moja ya picha, iitwayo pikseli. Si rahisi mamilioni ya vijisehemu yatengenezwe bila hata kimoja kuwa na hitilafu. Baadhi huvuja umeme na kutoa nukta ing'aayo hata gizani. Vingine havipokei mwanga kamwe, vikaacha nukta nyeusi. Kamera yenye pikseli milioni 24 ikiwa na nukta mbovu 10, kasoro ni moja tu katika kila pikseli 2,400,000. Kwa picha ya mahafali jambo hilo si kitu. Bali kwa mwanafunzi ahesabuye nyota, nukta moja ya uongo ni nyota moja isiyokuwapo mbinguni.

Wategemeao kipimo cha kiwandani peke yake hawana budi kukumbuka habari ya darubini ya Hubble, iliyorushwa angani na Marekani mwezi wa Aprili 1990. Kioo chake kikuu, chenye upana wa mita 2.4, kilikuwa kimesuguliwa na kupimwa kwa uangalifu mkubwa. Hata hivyo picha zake za kwanza zilitoka na ukungu. Uchunguzi ulionyesha kwamba ukingo wa kioo ulikuwa bapa kupita kiasi kwa takriban sehemu 2 za elfu za milimita, kwa sababu chombo kilichotumiwa kukipimia kilikuwa chenyewe kimeunganishwa vibaya kwa milimita 1.3. La kusikitisha zaidi ni kwamba vipimo vingine vilikuwa vimeashiria kosa hilo vikapuuzwa, kwa kudhaniwa kwamba ndivyo visivyo sahihi. Wanaanga walilazimika kuifuata darubini huko angani na kuirekebisha mwezi wa Desemba 1993.

Kwa hiyo kamera mpya ipimwe, tena kwa njia zaidi ya moja. Kazi hiyo haihitaji vyombo vya gharama. Kwanza, lenzi ifunikwe na zipigwe gizani picha kadhaa za sekunde 30 kila moja: nukta ing'aayo mahali pale pale katika picha zote ni kasoro ya kamera yenyewe. Pili, upigwe picha uwingu mweupe tundu la lenzi likiwa limepunguzwa sana. Vumbi lililo juu ya kihisi litaonekana kama madoa. Tatu, karatasi ya grafu ibandikwe ukutani na kupigwa picha kutoka mbele yake, ili ijulikane kama mistari iliyonyooka inapinda pembeni. Matokeo yaandikwe daftarini pamoja na tarehe. Kasoro ikiwa kubwa, kamera irudishwe dukani kabla muda wa dhamana haujakwisha.

Baada ya hapo upimaji ukome, na kamera itumike. Mwenye kuikuza kila picha ili atafute doa jipya hatapata wakati wa kuchunguza wadudu, majani wala mwezi, mambo ambayo kamera ilinunuliwa kwa ajili yake. Wanajimu wa vituo vikubwa hawazitupi kamera zao kwa sababu ya nukta chache mbovu. Wao hupiga picha ya giza, kisha huitoa katika picha ya anga kama mtu atoavyo uzito wa chombo anapopima unga. Mwanafunzi ajuaye kasoro za kifaa chake aweza kuzisahihisha. Asiyezijua ataziandika katika ripoti yake kama ukweli wa maumbile.