Sarafu Ing'aayo Mno

Mtu aanzaye kukusanya sarafu za kale katika Isiolo hana haja ya kwenda mbali. Mji huu umekaa penye njia iendayo Marsabit na Moyale hata Ethiopia, na Wasomali waliokuwa askari katika Vita Kuu ya Kwanza walipata makao hapa baada yake. Kwa hiyo huenda akaonyeshwa riale ya Maria Theresa, rupia, au shilingi ya Afrika ya Mashariki yenye picha ya simba. Lakini mgeni wa kazi hii huipenda ile ing'aayo, na muuzaji ajuaye udhaifu huo huisugua.

Shaba iliyokaa miaka mingi huwa ya rangi ya kahawa iliyokaangwa. Fedha huwa ya kijivu, pengine karibu na weusi. Rangi hiyo si uchafu. Ni utando mwembamba uliofanywa na hewa, nao ukiisha kuondolewa haurudi upesi. Mnunuzi mwenye ujuzi hupunguza bei, au hukataa kabisa.

Basi sarafu ishikwe ukingoni, maana jasho la vidole huacha alama, igeuzwe polepole chini ya taa moja. Ile ambayo haijachakaa wala kuguswa tangu kiwandani ina mng'aro uzungukao kama spoki za baisikeli. Iliyosuguliwa humeta mahali pote pamoja, kama sufuria iliyopitishwa majivu. Kioo cha kukuzia kitaonyesha michirizi myembamba ielekeayo upande mmoja, hali mikwaruzo ya matumizi huenda huku na huku. Tena zitazamwe herufi: kitambaa hakifiki pembeni mwao, na weusi wa zamani hubaki pale.

Senti 5 na senti 10 za shaba zina tundu katikati, nalo husema kweli. Uso ukiwa wa rangi ya chungwa na ndani ya tundu ni kahawia iliyokolea, imesuguliwa kwa ndimu au ukwaju. Hata ile ya 1936 yenye jina la Mfalme Edward VIII, aliyetawala chini ya mwaka mmoja, isisuguliwe eti jina lisomeke.

Shilingi za tangu 1921 hata 1946 zina fedha robo tu. Za 1948 hata 1952 hazina kabisa, ni shaba na nikeli. Shilingi ya 1924 ambayo simba wake amelika manyoya, nayo ni nyeupe kama ya jana, haihitaji shahidi mwingine.

Riale ina habari yake. Tarehe 1780 haionyeshi umri, kwa kuwa Vienna, London, Roma na Bombay zote zilipiga riale za tarehe hiyo katika karne ya 20. Nyingi zilivaliwa shingoni. Itafutwe alama ya kulehemu, au tundu lililozibwa kisha likafichwa kwa kung'arishwa. Ulaini uliotokana na ngozi ya mvaaji ni jambo jingine, wala si hila.

Aliyerithi riale za bibi yake asizipake dawa ya kung'arishia shaba kabla ya kuziuza. Vumbi hutoka kwa maji safi ya uvuguvugu, kisha zikaushwe kwa kitambaa laini pasipo kusugua. Ziwekwe katika bahasha za karatasi kavu, kila moja peke yake. Mifuko mingine ya plastiki laini, ikipata joto, hutoa utelezi wa kijani ulao madini.