ANAYETOA DAMU ANYWE UJI KWANZA



Siku hizi ukitaja kutoa damu hapa kijijini, watu wanaangalia pembeni. Sababu tunaijua. Safari iliyopita kijana wetu mmoja alitoa vizuri, akapanda baiskeli, akazirai njiani. Basi maneno yakaenea: eti wanachukua damu nyingi mno.

Sisi hatukubali. Inayochukuliwa ni mililita 450 hivi, na mtu mzima ana kama lita 5. Kinachoangusha watu mara nyingi ni mishipa kulegea na moyo kupunguza mapigo, damu ikapungua kichwani. Njaa, hofu, kukosa usingizi na kuinuka haraka huchangia. Anayetoa mara ya kwanza ndiye wa kuangaliwa zaidi, hata kama anabeba magunia.

Sasa tazameni desturi yetu. Mtu anaamka hajala, anatembea juani, anatoa damu, halafu huyoo, mbio kwenye mpunga! Huyo hata bila sindano angeanguka.

Tunataka ushirika utoe uji na maji yaliyochemshwa. Kila mtu anywe nusu lita ya maji muda mfupi kabla ya kutoa. Akiwa kitandani akaze mapaja na kulegeza, akaze na kulegeza. Wataalamu wamejaribu jambo hili, linasaidia. Akimaliza akae kivulini robo saa au zaidi. Jembe na magunia vingoje kesho, na baiskeli aisukume. Zamu yake ya kazi siku hiyo ihesabiwe ameifanya. Hapo najua kuna watakaobisha, lakini tutasimama hapo hapo.

Akisikia kizunguzungu, jasho baridi au kichefuchefu, alale palepale, miguu iinuliwe. Asione haya. Na wale wanaosimama mlangoni kucheka wenzao wapewe ndoo wakachote maji.

Jamani, damu haitengenezwi kiwandani. Barabara ya Zambia inapita Mikumi, ajali zake tunazijua. Kilosa akina mama wanajifungua kila siku, na watoto wenye malaria kali huishiwa damu. Wakija tena watu wa Damu Salama wakakuta benchi tupu, mgonjwa atapewa nini?

Sufuria kubwa lipo stoo. Unga tumeshaahidiwa. Bado kuni, atakayeleta aandike jina lake hapa chini.