Maghorofa ya ufukweni Kigongo: Mandhari ya ziwa isigeuke tanuri

MWANZA

KWA miaka mingi jina la Kigongo, wilayani Misungwi, lilikuwa na maana moja kwa msafiri wa Kanda ya Ziwa: foleni ya kivuko. Magari, abiria na wachuuzi walisubiri zamu ya kuvuka Ghuba ya Mwanza kwenda Busisi, wilayani Sengerema, na wakati mwingine kusubiri huko kulichukua saa kadhaa.

Hali hiyo ilifikia mwisho Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3 na lililogharimu zaidi ya Sh700 bilioni. Safari iliyokuwa wakati mwingine ikichukua saa kadhaa sasa ni ya dakika chache.

Daraja hilo halikuja peke yake. Wilaya hiyo hiyo ya Misungwi, katika eneo la Fela, ndiko jiwe la msingi la reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, yenye urefu wa kilometa 341, liliwekwa Juni 2021. Na kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Mwanza una watu 3,699,872, kutoka watu 2,772,509 mwaka 2012. Ni ongezeko la zaidi ya watu 900,000 katika miaka 10.

Palipo na barabara, reli na watu, nyumba hufuata. Milima ya mawe ya Nyamagana na Ilemela imekwisha kujaa, na ni dhahiri kwamba mji utaendelea kusogea kusini, kuifuata barabara ya Usagara hadi ufukweni Kigongo. Ardhi ikipanda thamani, ujenzi wa ghorofa za makazi huwa jambo la hesabu tu.

Swali ambalo bado halijapewa uzito ni hili: je, mtu atakayepanga au kununua nyumba ya ghorofa ya juu katika majengo hayo ataweza kulala?

Joto lisilotoka nje

Mwanza si Dar es Salaam. Ziwa Victoria liko katika mwinuko wa takriban mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo usiku wa Mwanza una neema ambayo ukanda wa Pwani hauna. Mchana wa kawaida joto hufikia nyuzi 27 hadi 29 za Selsiasi, lakini usiku hushuka hadi nyuzi 20 au chini yake.

Maana ya takwimu hizo ni nzito kuliko zinavyoonekana. Iwapo saa 6 usiku hewa ya nje ni nyuzi 20 na chumba cha kulala bado kiko nyuzi 29, kosa haliwezi kubebeshwa hali ya hewa. Ni la jengo. Joto limeingia mchana, likafungiwa ndani, na likakosa mlango wa kutokea.

Chanzo chake kinafahamika. Ukuta wa matofali ya saruji na sakafu ya zege hunywa joto la jua kutwa nzima, kisha huanza kulitema saa kadhaa baadaye, wakati wakazi wamerudi kazini na kujitupa kitandani. Paa la bati lisilo na dari wala nafasi ya kupitisha hewa huwa kama kikaango. Ndiyo maana anayeishi ghorofa ya juu kabisa huumia kuliko jirani yake wa chini, ingawa wote wanalipa kodi ile ile.

Linafuatia dirisha. Madirisha ya alumini yenye vioo vya kusukuma pembeni yamekuwa fasheni ya majengo mapya, lakini dirisha la namna hiyo hufunguka nusu tu. Nusu nyingine daima imezibwa na kioo. Pale ambapo vyumba vimepangwa pande mbili za ukumbi mwembamba wa katikati, kila nyumba hubaki na madirisha ya upande mmoja, na upepo hauna pa kutokea hata ukiingia.

Mtego wa kutazama ziwa

Kigongo ina mtego wake wa pekee. Kijiji hicho kiko ukingo wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza, na maji yako upande wa magharibi. Kila mnunuzi atataka sebule na roshani vitazame maji na daraja. Atakayemtimizia matakwa hayo kwa ukuta mpana wa vioo atakuwa ameelekeza nyumba nzima kwenye jua la jioni.

Hesabu ya jua si ngumu. Kigongo iko chini kidogo ya nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, hivyo jua la mchana hupita karibu na utosi mwaka mzima. Mwezi Juni hulalia kaskazini, Desemba hulalia kusini, lakini daima likiwa juu. Dirisha la kimo cha mita 1.2 linalotazama kaskazini au kusini hulindwa na jua la mchana kwa kibaraza cha sentimeta 60 tu.

Dirisha la magharibi ni habari nyingine. Ifikapo saa 11 jioni jua liko chini ya nyuzi 30 juu ya upeo wa macho. Ili kulikinga dirisha lile lile wakati huo, kibaraza kingepaswa kuzidi mita 2. Hakuna mjenzi wa kawaida atakayekijenga, na pazia la ndani halisaidii sana kwa sababu likizuia mwanga, joto limekwisha kupita kwenye kioo.

Hoja hapa si kwamba ziwa lisitazamwe. Upande wa magharibi unaweza kubeba roshani yenye kina, mbao au matofali ya matundu ya kukinga jua, ngazi, jiko na stoo, huku vyumba vya kulala vikiwekwa kaskazini na kusini. Isitoshe, upepo wa mchana hutoka ziwani. Jengo lenye matundu pande mbili, moja la kupokea upepo na jingine la kuutoa, hupata burudani hiyo bure.

Mbu na uniti za umeme

Kuna watakaosema kwamba dawa ni kufungua madirisha. Kanda ya Ziwa inajua kwa nini si rahisi hivyo. Malaria bado ni tatizo, na zipo siku ambazo wadudu wadogo wa ziwani hupanda kutoka majini kama wingu la moshi na kuingia kila penye mwanga. Mwenye watoto hufunga dirisha. Akiishalifunga, chumba kinachemka. Kikichemka, wapo wanaokitupa chandarua pembeni ili wapate hewa. Joto linakuwa limefungua mlango wa homa.

Majaribio ya nyumba yaliyofanyika katika kijiji cha Magoda, mkoani Tanga, yalionyesha kwamba mambo haya mawili yanaweza kutatuliwa kwa pamoja. Nyumba zenye kuta nyepesi zinazopitisha hewa na vyumba vya kulala vilivyoinuliwa ghorofa ya pili zilikuwa na ubaridi wa zaidi ya nyuzi 2 kuliko nyumba za kawaida za kulinganisha, na mbu waliingia kwa uchache mno. Wavu uliobana vizuri kwenye dirisha kubwa una faida kuliko dirisha dogo lililofungwa.

Wengine watakimbilia kiyoyozi. Kiyoyozi kidogo kinachotumia kilowati 1, kikifanya kazi mfululizo kwa saa 8 za usiku, hula uniti 8. Mteja wa TANESCO aliye katika kundi la matumizi madogo, ambalo halipaswi kuzidi uniti 75 kwa mwezi, atavuka mpaka huo kabla siku ya 10 haijaisha. Pangaboi la wati 60 kwa saa zile zile hutumia takriban uniti 14 kwa mwezi mzima. Lakini pangaboi huzungusha hewa iliyopo, na kama hewa hiyo imetoka kwenye zege la moto, nafuu yake ni ndogo.

Wenzetu wamejifunza kwa gharama

Anayedhani suala hili ni la anasa akumbuke Chicago. Julai 1995 joto kali liliua zaidi ya watu 700 katika mji huo wa Marekani, wengi wao wazee waliokuwa peke yao vyumbani, baadhi madirisha yakiwa yamefungwa kwa hofu ya wezi. Mwaka 2003 Ufaransa ilipoteza watu wapatao 15,000 katika wimbi la joto la Agosti.

Uingereza, nchi inayojulikana kwa baridi, tangu Juni 2022 inadai nyumba mpya za England zithibitishwe kwamba hazitapata joto la kupindukia. Njia mojawapo ya kupima huhesabu saa ambazo chumba cha kulala kinazidi nyuzi 26 kati ya saa 4 usiku na saa 1 asubuhi. Zisizidi asilimia 1 kwa mwaka, yaani takriban saa 32. Kenya nayo Machi 2025 ilianza kutumia kanuni mpya za majengo badala ya zile za mwaka 1968.

Si lazima Tanzania inakili nyuzi 26 za Waingereza. Kinachofaa kuigwa ni utaratibu wenyewe: jengo lipimwe likiwa bado kwenye karatasi. Zana hazikosekani. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi lilikwishatoa mwaka 2014 mwongozo wa ubunifu wa majengo kwa hali ya hewa ya tropiki, ukilenga nchi za Afrika Mashariki.

Kibali ndicho kituo cha kwanza

Halmashauri ndiyo inayotoa kibali cha ujenzi. Kabla ya mhuri kugongwa, maswali matano yangetosha kwa kuanzia: madirisha makubwa yanatazama wapi, yanakingwa na nini, kila nyumba ina matundu pande mbili, paa lina dari na njia ya kutolea hewa, na wavu umewekwa bila kuziba upepo. Mbunifu majengo aliyesajiliwa anaweza kuyajibu kwa ukurasa mmoja.

Vilevile, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukanda huo ukibaki na miti, upepo utafika kwenye nyumba ukiwa umepoa. Ukimwagiwa zege, utafika umebeba vumbi na joto.

Mpangaji naye asibaki mtazamaji. Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, aende kukiona chumba saa 2 usiku, si saa 3 asubuhi. Aweke kiganja kwenye ukuta wa magharibi. Ukiwa bado una moto wakati nje kumepoa, atakuwa amekwisha kupata jibu ambalo dalali hatamwambia.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kwamba mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kurekodiwa, wastani ukiwa nyuzi 1.55 juu ya ule wa kabla ya zama za viwanda. Ghorofa litakalojengwa Kigongo leo litakuwa limesimama miaka 50 ijayo, katika dunia yenye joto zaidi ya hii.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa Kigongo ukuta wenyewe bado haujajengwa, na kalamu ya mchoraji ni nafuu kuliko nyundo ya kubomolea.