Msasa, Siki na Shingo ya Gita

Msomaji, yako maneno mawili niliyoyasikia mara nyingi katika chumba cha walimu, nami nataka kuyapinga mbele yako. La kwanza ni kwamba gita lililochakaa shingo ni takataka, na kijana wa shule anayeshika msasa kulisugua anapoteza wakati wa kitabu chake. La pili, ambalo husemwa na watu wenye fikira zaidi, ni kwamba kuutia weusi ubao uliopauka ni udanganyifu, kwa kuwa ni kuuvika mti mnyonge vazi la mti bora. Neno la kwanza ni uvivu uliovaa joho la elimu. La pili lina chembe ya ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo ni gumu zaidi kulijibu.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Shingo ya gita ni mti ule mrefu ambao mkono wa kushoto huukumbatia. Juu yake umegundishwa ubao mwembamba ambao vidole huzikandamiza nyuzi juu yake. Huo nauita ubao wa vidole. Ndani ya ubao huo vimepigwa vijiti vya chuma, navyo ndivyo vinavyoufupisha uzi ili sauti ipande. Mgongo wa shingo hupakwa vanishi. Ubao wa vidole, ukiwa wa mti wa rangi ya kahawia au mweusi, kwa kawaida hauna vanishi. Jasho, vumbi na miaka huifanya vanishi inate kama ulimbo, na ubao hukauka na kupauka kama kisigino cha mtu asiyejua mafuta. Hapo mwenye gita husema limezeeka. Halikuzeeka, limechafuka tu.

Katika ghala ya shule niliyoanza kufundisha palikuwa na gita la namna hiyo, nalo lilikwisha andikwa katika orodha ya vitu vya kuchomwa moto pamoja na madawati yaliyovunjika na ramani zilizoliwa na mchwa. Nililiomba, nikapewa. Mwenzangu mmoja alinikuta Jumamosi nikilisugua pamoja na wanafunzi wanne, akasema, "Mwalimu, wazazi hawalipi karo ili watoto wao wafundishwe useremala wa magita." Nilimjibu kwamba kiti anachokikalia kila siku hakikuota ardhini kikiwa na miguu minne. Alicheka, lakini hakubadili fikira yake.

Fikira yake ndiyo fikira ya wengi. Tumewafundisha vijana kwamba mkono safi ni alama ya mtu aliyesoma. Matokeo yake ni kijana anayeweza kuandika kanuni ya asidi na chuma ubaoni bila kukosa herufi moja, lakini mlango wa nyumba yao ukilia bawaba humngoja fundi mwezi mzima. Mimi nasema kwamba kanuni isiyofika mkononi haijafika kichwani. Kama wewe unashikilia kinyume cha hayo, nifuate kidogo katika kazi yenyewe, kisha unihukumu.

Nyuzi huondolewa kwanza. Ubao wa vidole hufunikwa kwa utepe wa karatasi ili msasa usiuguse. Kisha mgongo wa shingo husuguliwa kwa msasa wa namba 240, halafu 320, halafu 400, na mkono hufuata mkondo wa mti, haukati mkondo huo. Funga pua yako kwa kitambaa, maana unga wa vanishi ya zamani si kitu cha kuvuta kifuani. Haraka ndiyo adui mkubwa hapa. Shingo imechongwa kwa umbo linalokubaliana na kiganja, na anayesugua mahali pamoja kwa nguvu huchimba bonde ambalo kiganja kitalijua hata kama jicho halilioni. Vanishi ikiisha na mti ukiwa laini, pakwa mafuta ya kitani kwa kitambaa, ngoja robo saa, kisha yafute yote yaliyobaki juu. Ngoja hadi kesho yake. Rudia mara mbili au tatu. Shingo iliyopakwa hivyo haing'ai kama ile ya dukani, wala hainati. Mkono huteleza juu yake bila kizuizi.

Nakuonya juu ya jambo moja ambalo si dogo. Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani usikikunje ukakitupa pembeni. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa hulifungia joto hilo ndani mpaka kikawaka moto chenyewe. Kitandaze nje kikauke peke yake, au kitumbukize katika maji. Je, hilo si somo la sayansi? Au huwa somo pale tu linapoulizwa katika mtihani?

Sasa nakuja kwenye weusi. Hapa sina budi kuungama kosa langu. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilikuwa na gita ambalo ubao wake ulikuwa umepauka vibaya, nami sikuwa na fedha wala subira. Nikachukua rangi ya viatu nyeusi, nikaupaka ubao, nikausugua kwa brashi mpaka ukang'aa kama kiatu cha askari. Jioni hiyohiyo mwanachuo mwenzangu aliniazima gita hilo apige katika tafrija, naye alikuwa amevaa shati jeupe. Kabla ya wimbo wa pili vidole vyake vilikuwa vyeusi. Alipojifuta jasho paji la uso likawa jeusi, kisha kola, kisha mfuko wa shati. Watu walicheka kuliko walivyosikiliza. Rangi ya viatu hukaa juu ya mti, haiingii ndani, na nta yake huziganda nyuzi zikafa sauti. Wapo hata sasa wanaotumia dawa hiyo, na wengine hutumia mafuta machafu ya gari. Nawasihi waache.

Dawa bora imo jikoni mwa mama yako. Chukua sufu ya chuma, ile inayosugulia masufuria, iloweke katika siki ndani ya chupa kwa siku kadhaa, wala usikaze kifuniko, maana siki inapokula chuma hutoa hewa ya haidrojeni ambayo lazima ipate pa kutokea. Chemsha chai ya rangi iwe nzito na chungu kiasi ambacho hakuna mgeni utakayethubutu kumkaribishia. Majani ya Kericho yanafaa kabisa. Funika vile vijiti vya chuma kwa utepe kimoja kimoja, safisha ubao mpaka uchafu wa vidole uishe, upake chai, uache ukauke. Kisha chuja ile siki uipake juu yake kwa brashi ndogo, utazame. Katika muda wa dakika chache mti hugeuka rangi mbele ya macho yako. Si mazingaombwe. Chai ina tanini. Chuma kilichoyeyuka katika siki kikikutana na tanini huzaa weusi. Na weusi huo ni ndugu wa ule wino ambao Ulaya iliandikia kwa mamia ya miaka. Hauko juu ya mti, umo ndani yake, wala hautatoka kwa jasho la mpigaji. Ukikauka, ufute, uusugue kidogo kwa kitambaa, utie tone la mafuta. Usiupake vanishi.

Lakini jaribu kwanza juu ya kipande cha mti kama huo. Mti usio na tanini ya kutosha hugeuka kijivu kama anga ya Julai mjini Limuru, na ubao uliopakwa vanishi kiwandani hautapokea kitu. Fauka ya hayo, kama gita si lako usiliguse, na kama ni la zamani sana lenye thamani, mwachie mjuzi. Kwa gita kama hilo hata uchafu wake una bei.

Narudi kwa wale wasemao kwamba huu ni udanganyifu. Mwanamke anayejipamba hina hamwambii mtu kwamba alizaliwa na maua viganjani. Udanganyifu haumo katika rangi, umo katika kinywa cha mwuzaji. Ukiuza gita ulilolitia weusi ukanyamaza, au ukasema, "Huu ni mpingo," wewe ni mwongo, na chai na siki hazina hatia. Ukisema, "Nimeutia weusi mimi mwenyewe, na dawa yake ni hii," umemwuzia mtu gita pamoja na elimu.

Tena wanaodai weusi wa asili wajiulize weusi huo hupatikana kwa gharama gani. Mpingo wetu, ambao katika Tanzania ni mti wa taifa, huchongwa zumari za Kizungu na vinyago vya Wamakonde. Magita ya kifahari aghalabu hupewa mti mwingine mweusi wa ukoo wa mbali, unaotoka katika misitu kama ile ya Kameruni. Mwaka 2011 kampuni ya Taylor ya Marekani pamoja na mshirika wake wa Hispania ilinunua kiwanda cha mbao mjini Yaoundé. Bob Taylor, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, alieleza hadharani jambo la kuhuzunisha: wakataji walikuwa wakiangusha miti na kuiacha ioze msituni kwa kuwa kiini chake kilikuwa na mabaka, na hakuna awezaye kuijua rangi ya ndani kabla mti haujaanguka. Kampuni yake ikaamua kuutumia na ule wenye mabaka. Miti ya ukoo wa mpingo nayo ilifikia hatua ya kuwekwa yote chini ya ulinzi wa mapatano ya mataifa kuanzia Januari 2017, na ingawa mwishoni mwa 2019 masharti yalilegezwa kwa ala zilizokwisha undwa, waundaji wengi walikuwa wamekwisha geukia miti mingine.

Labda utanishika hapo na kuniuliza: kama mabaka hayana kosa, kwa nini wewe unayafunika? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba anayependa mti wake uliopauka na auache ulivyo. Atie mafuta tu, na mimi nitausifu. Ninayempinga ni yule anayeufanya weusi kuwa sharti la heshima, kisha anakataa kuupata kwa chai, akataka mti mwingine uanguke ili jicho lake lifurahi. Nyuzi haziulizi rangi.

Gita lile la ghalani lilipigwa na wanafunzi wangu miaka mitatu kabla sijahamishwa, na nasikia lingali linapigwa. Karibu na kichwa chake, upande wa kidole gumba, pana bonde dogo. Pale ndipo nilipozidisha msasa siku ile nikimjibu mwenzangu bila kuutazama mkono wangu.