Kambale Asiye na Msemaji

Katika Ziwa Victoria yupo kambale mmoja mdogo ambaye wataalamu humwita Xenoclarias eupogon. Makazi yake ni maji ya kina kirefu, na hapatikani katika ziwa jingine lolote duniani. Leo Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Maumbile unamhesabu miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Tena ipo hofu kwamba huenda amekwisha toweka.

Wako watakaomtwika mkoloni lawama yote. Kweli, sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na alipoongezeka katika miaka ya 1980 aliwamaliza furu wa aina nyingi. Huyu kambale naye hakusalimika.

Lakini mkoloni ameondoka zamani. Udongo unaomomonyoka mashambani, mbolea na maji machafu ya miji ni kazi ya mikono yetu. Uchafu huo hurutubisha mwani. Mwani ukifa huzama na kuoza, na kuoza huko humaliza oksijeni ya vilindini. Kambale wa kawaida huweza kupanda juu kuvuta hewa. Huyu wa vilindini yu mbali na hewa hiyo.

Atauliza mtu: samaki asiyeleta fedha za kigeni ana faida gani? Jibu ni kwamba maji yanayomnyima pumzi kambale huyu ndiyo hayo hayo anayoyategemea sangara, na kwa hiyo mvuvi, kiwanda na hazina ya Taifa. Kutoweka kwa mdogo ni onyo kwa mkubwa.

Tanzania, Uganda na Kenya ziliunda Jumuiya ya Uvuvi ya Ziwa Victoria mwaka 1994. Chombo kipo. Linalotakiwa ni kwamba hesabu isiishie kwa sangara, sato na dagaa wanaopimwa kwa tani, bali iwafikie na wasio na bei. Afisa wa halmashauri anayeruhusu maji machafu yaingie ziwani bila kusafishwa ajue anachokiua. Mwalimu wa Mwanza, Mara na Kagera naye awafundishe watoto majina ya samaki wa ziwa lao, wa sokoni na wasio wa sokoni.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kambale huyu ni mali ya wananchi wa nchi tatu, naye hajaandikwa katika daftari la yeyote kati yao.